Huruma ya Kijana wa Steshenari

Shemeji yangu alitaka kidude cha kuzima pampu tangi la maji likijaa. Nikamwambia asinunue, nitamtengenezea mimi. Mbele ya shemeji fundi hakosi maneno.

Mchoro wa saketi ninao kwenye flashi, printa ya leza sina. Ya wino haisaidii: kinachotakiwa ni tona, ule unga ambao ukipigwa pasi unahama kutoka kwenye karatasi na kung'ang'ania shaba ya bodi ya saketi. (Pasi ni ya mke wangu. Habari hiyo tuiache.) Nikaenda steshenari ya mtaani na karatasi zangu zinazong'aa, nilizokata saizi ya A4.

Kijana akafungua faili, akakunja uso. "Kaka, maandishi yako yamekaa kinyume. Nikunyooshee?"

"Usiguse! Yakihamia kwenye shaba yatanyooka yenyewe."

"Haya, kaka." Akanitazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyoniponza. Aliona mchoro umesogelea ukingo, akahofia usije ukakatwa, akachagua kimyakimya ule mpangilio wa kuenea ukurasa. Kompyuta yake nayo ilikuwa inaamini karatasi zote duniani ni Letter ya Wamarekani, ambayo ni fupi kuliko A4 kwa milimita 17 na ushee. Mchoro ukanywea hadi asilimia 94. Kwa macho huoni kitu.

Nikapiga pasi, nikaloweka, dawa ya feri kloraidi ikala shaba isiyofunikwa na tona, nikatoboa matundu kwa biti ya milimita 0.8. Bodi ikapendeza mpaka nikampigia shemeji simu ya video ashuhudie. Aisii (kile kidude cheusi cha elektroniki) ya miguu 8 ikaingia baada ya kubembelezwa kidogo. Ikafuata maikrokontrola, aisii iliyo ubongo wa saketi, ya miguu 40, 20 kila upande. Mguu hadi mguu ni milimita 2.54, kwa hiyo wa kwanza hadi wa 20 ni 48.26. Matundu yangu yaliishia 45 na kidogo! Miguu ya mwanzo iliingia, ya katikati ikaanza ubishi, wa 19 ukalikalia tundu la 20, na wa 20 ukabaki nje, unaning'inia kama konda wa daladala.

"Shem," sauti ikatoka kwenye simu, "huo wa mwisho hauna kazi?"

Nikasema mtandao unasumbua, nikakata.

Safari hii nilichora mstari wa milimita 100 kando ya mchoro, nikaenda na rula. Karatasi ikatoka, nikapima palepale kaunta: 94. Mama mmoja kwenye foleni akauliza, "Baba, unashonesha nini?"

Nikasimamia mwenyewe: karatasi A4, ukubwa halisi, asilimia 100. Mstari ukapungua unywele tu, maana karatasi husinyaa kidogo ikipita kwenye joto la printa, na kiasi hicho miguu inasamehe. Nikamwambia kijana, "Hapo hapo, usibadilishe kitu." Akatii. Akatii mno.

Mteja aliyefuata alileta kadi za mchango wa harusi, zilizochorwa kubwa kuliko karatasi. Zikachapwa kwa ukubwa halisi, mstari wa chini ukakatwa wote, na huko ndiko ilikokuwa namba ya kupokelea pesa. Kadi zikagawiwa. Mchango hauji.

Jioni mwenyekiti wa kamati akabisha hodi kwangu na boksi la kadi. "Kijana anasema wewe ndiye uliyekataza isibadilishwe. Kalamu unayo, au tukununulie?"