Unyoya mmoja unatosha

Siku hizi ukifungua kisanduku cha nzi bandia, yaani chambo kinachofungwa kwenye ndoano kuiga mdudu, cha mvuvi wa samaki trauti kwenye mito ya Aberdare, Kenya, utadhani umeingia duka la sonara. Shanga za dhahabu, nyuzi za kumetameta, vimiguu vya mpira. Sehemu kubwa ya hayo, kwa maoni yangu, imewekwa ili mnunuzi avutike, wala trauti hana habari nayo.

Ninayemtetea mimi ni nzi bandia wa unyoya laini, wa asili ya mito ya kaskazini mwa Uingereza, hasa Yorkshire. Ndoano, uzi wa hariri wa rangi ya chungwa, unyoya mmoja wa kwale, basi. Kwetu kwale wa porini muache aishi. Unyoya wa shingo ya tetea wa kienyeji mwenye madoadoa unafaa kabisa. Wa jogoo usiuguse: ni mgumu, kazi yake ni kumwelesha nzi juu ya maji.

Ndoano namba 14 inatosha. Anzia uzi nyuma ya tundu, ushuke nao mpaka usawa wa ncha, kisha urudi. Nyonyoa manyoya mepesi ya shinani, funga unyoya, uzungushe mara mbili. Hapo ndipo wengi huharibu: mkono unawawasha, wanaongeza mzunguko wa tatu na wa nne, wanapata brashi ya kusugulia chupa. Nzi mzuri akiwa mkavu anaonekana fukara. Mloweshe uone: nywele zinalala, zinafunguka, zinacheza na mkondo mithili ya miguu ya mdudu anayejinasua kwenye gamba lake.

Mto Gura, ambako mlowezi Ewart Grogan alipandikiza trauti wa kahawia kutoka Scotland mwaka 1905, una kasi inayomfaa sana nzi huyu. Tupa kwa kukatiza mto, uache maji yauchukue mshipi. Ukianza kukaza, nzi hupanda kutoka chini, na mara nyingi samaki humdaka papo hapo. Usikurupuke kuvuta. Mshipi ukiwa umekaza samaki hujinasa mwenyewe, ukivuta kwa nguvu unaukata. Penye vichaka vinavyobana, fuata alivyohimiza mvuvi Mskoti W. C. Stewart tangu 1857: tupa kuelekea juu ya mto, mshipi uwe mfupi.

Mvua ikinyesha mlimani na maji yakageuka tope, hapo nasalimu amri. Funga yule nzi mwenye shanga, azame.