Kariakoo mpaka Airport sio nusu saa
Kuna mwandishi kasema hapa Dar es Salaam Kariakoo mpaka Airport ni nusu saa, jamani hiyo labda alfajiri. Mwezi uliopita nilikuwa na ndege ya jioni nikatoka Msimbazi hapo Kariakoo saa nane mchana, mpaka makutano ya TAZARA tu lisaa lizima limekata, flaiova ya Mfugale tangu 2018 imesaidia sana pale makutano sikatai ila foleni ya Kamata mpaka Veta iko palepale. Wenye begi dogo pandeni tu daladala za Gongo la Mboto zinapita Nyerere Road mnashuka Airport. Ila jua mapema ni Terminal 2 au 3, roho inaniuma nikiona wamama wanavuta mabegi juani kuhama jengo, wekeni hata kibasi pale kituoni jamani