Habari haina mwenyewe, lakini maandishi yanaye
Kuna mwandishi aliyeandika kwamba habari haina mwenyewe, kwa hiyo gazeti likichapisha habari ya gazeti jingine halijaiba. Hapo kasema nusu. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ibara ya 2, kweli haulindi taarifa tupu za siku: basi limepinduka, waziri kajiuzulu, hizo ni za wote. Sentensi za mwandishi na picha zake ni kitu kingine kabisa. Na hata taarifa tupu imewahi kufika mahakamani. Mwaka 1918 Mahakama ya Juu ya Marekani ililibana shirika la habari la International News Service, lililokuwa likichota habari za shirika shindani, Associated Press (AP), kwenye mbao za matangazo na matoleo ya mapema ya magazeti ya mashariki ya nchi, kisha kuzipeleka kwa telegrafu magharibi, ambako saa ziko nyuma. Mahakama haikuipa AP hakimiliki ya tukio. Ilikataa mshindani kuvuna jasho la mwenzake habari ikiwa bado ya moto. Mimi ni mhariri, na tumeshanyofolewa habari nzima, hadi ile "Na Mwandishi Wetu, Kilosa" ikabaki juu, wakati walioichukua hawana hata mtu Kilosa! Wengine huweka jina la gazeti chini, basi. Wasomaji wenzangu, kutaja chanzo bila kuomba ruhusa mnaona kunatosha?