Usiniambie nikunje magoti, nipe mpini mrefu

Kwenye mlango wa stoo ya karibu kila jengo nililowahi kusafisha kulikuwa na bango lilelile: mwanamume amechuchumaa, mgongo umenyooka, anainua boksi. Chini yake maneno: kunja magoti, usikunje mgongo. Nimefanya kazi ya usafi miaka 11, na maboksi niliyoinua nayahesabu kwa vidole. Sisi tunasukuma, tunavuta, tunakamua, tunajipinda kupeleka mkono nyuma ya sinki. Kitu chenyewe ni chepesi, ila unakirudia mara elfu kabla zamu haijaisha. Aliyechora lile bango alikuwa anamfikiria mpakizi wa mizigo.

Mwezi uliopita nilipewa binti mpya nimfundishe. Kanizidi urefu kichwa kizima. Akachukua dekio lililokuwa karibu, mpini ukamfika chini ya bega, akaanza kupiga deki ameinama kama mtu anayetafuta hereni iliyoanguka. Nikamwambia: simama wima kwanza, mwanangu, lisimamishe dekio pembeni yako. Ncha ya mpini inatakiwa ikufikie kati ya kidevu na macho. Tulipekua stoo nzima, hakuna uliomtosha. Mwishowe tukachomoa ule mpini wa kurefusha tunaosafishia vioo, ukaingia kwenye kichwa cha dekio kwa shida, tukauzungushia tepu.

Hapo ndipo somo lenyewe lilipoanza. Mpini ukiulaza kidogo, ncha inashuka hadi usawa wa kifua. Mkono wa juu unakaa hapo kwenye ncha, na kazi yake ni kuongoza tu. Mkono wa chini unashika usawa wa kiuno, huo ndio wenye nguvu. Miguu iachane, mmoja utangulie. Kisha unarudi kinyumenyume huku dekio linachora namba 8 iliyolala, kulia kwenda kushoto, na uzito wako unahama toka mguu huu kwenda ule. Wengi wetu tulijifundisha kusukuma mbele na kuvuta nyuma, kama anayepiga pasi. Ukifanya hivyo kiuno ndicho kinachokwenda na kurudi, siku nzima. Ukichora 8, miguu ndiyo inayofanya kazi, na miguu imeumbwa kwa ajili hiyo.

Na kila ukimaliza chumba, badilisha mikono. Binti alicheka alipojaribu, akasema anajisikia kama anaandika kwa mkono wa kushoto. Nami nilicheka hivyohivyo siku zangu. Baada ya wiki mbili hukumbuki ulianza na upi.

Kuna wenzangu wakisikia haya wananijibu: kazi ni kazi, mwili utazoea. Mimi nilizoea, hadi siku mkono ulipogoma. Usiku naamka dole gumba, kidole cha shahada na cha kati vimekufa ganzi, naukung'uta mkono gizani hadi damu irudi. Ndivyo nilivyoamini, kwamba ni damu. Daktari akanieleza si damu: ni mshipa wa fahamu unaopita kwenye njia nyembamba ndani ya kifundo cha mkono. Kano zilizo humo pamoja nao zikivimba kwa kukamua na kubana siku baada ya siku, mshipa unakosa nafasi. Akaniuliza nakamua vitambaa vingapi kwa siku. Sikuwa nimewahi kuhesabu. Tangu hapo sinyongi kitambaa kwa kupinda vifundo. Nakikunja, nakibana katikati ya viganja vyote viwili, vifundo vimenyooka. Maji yanatoka polepole zaidi, basi.

Kitambaa chenyewe nacho kina namna yake. Kikunje mara mbili upate robo, utakuwa na pande 8 safi, ukigeuza upande mmoja baada ya mwingine bila kurudi kwenye ndoo kila dakika. Kiganja kilale bapa juu yake. Ukikishika kwa ncha za vidole unabana bila sababu, na kubana ndiko kunakochosha kuliko kufuta. Meza pana izunguke, usiilalie.

Maji nayo. Lita moja ni kilo moja, hilo halina mjadala, kwa hiyo ndoo ya lita 20 iliyojaa ni zaidi ya kilo 20 ukijumlisha na ndoo yenyewe. Marekani, taasisi yao ya utafiti wa usalama kazini ilitoa kanuni ya kunyanyua mwaka 1991 ambayo ukomo wake wa juu ni kilo 23, na hizo ni kwa hali bora kabisa: mzigo umegusa mwili, uko usawa wa kiuno, umeshikwa kwa mikono miwili, hujajipinda. Sasa mtazame mtu anayeitoa ndoo ndani ya sinki refu kwa mkono mmoja huku akigeuka kuelekea mlangoni. Hakuna hata sharti moja alilotimiza. Ndoo ibaki sakafuni, ijazwe kwa mpira au kwa jagi, na ijae nusu. Maji machafu unayabadilisha mara nyingi, ndiyo, lakini maji ya kupigia deki yanatakiwa kubadilishwa mara nyingi hata hivyo.

Kuna kitu kimoja ninachotamani kila msimamizi akielewe. Mwaka 1959 mkemia Mjerumani, Herbert Sinner, alieleza usafi kwa duara lenye sehemu nne: dawa, nguvu, joto na muda. Ukipunguza sehemu moja, nyingine lazima iongezeke, la sivyo uchafu unabaki. Mimi huliangalia duara hilo nikiwa upande wa mwenye kusugua. Bosi anapokata muda, na maji ya moto hakuna, na dawa imechujuliwa hadi imekuwa kama maji ya mvua, kilichobaki ni nguvu. Nguvu ya nani? Ya bega langu. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo dakika za kila choo zilipunguzwa karibu nusu bila kuongezwa hata brashi moja. Vyoo viliendelea kung'aa, na mkubwa akatangaza kwamba kumbe ilikuwa inawezekana. Nusu ya kikundi chetu walikuwa wanakunywa dawa za maumivu kabla ya zamu.

Kwa hiyo muda nauiba pale ninapoweza. Nikiingia chooni jambo la kwanza namimina dawa kwenye bakuli la choo na kuipaka kwenye masinki, halafu naiacha. Natoa taka, nafuta vioo, nafuta vitasa. Nikirudi, dawa imeshalainisha uchafu na nasugua kidogo tu. Wapo wanaomimina na kusugua papo hapo, wakitoka jasho, na mimi nawaambia wamemfukuza msaidizi wao kabla hajaanza kazi. (Na dawa ya kupulizia ipulizie kwenye kitambaa, usiipulizie hewani. Hilo ni suala la mapafu, lakini siwezi kulipita kimya.)

Mifuko ya taka ndiyo inayonichanganya, maana ushauri wenyewe unagongana. Wa mgongo wanasema mzigo ukae karibu na mwili. Wa usalama wanasema usiuegemeze mfuko mguuni, huenda ndani mna kioo au sindano. Wote wana haki. Ukiushika mbali mgongo unalia, ukiushika karibu unachomwa. Jibu ninalolijua ni kutoungoja ujae. Mfuko ulio nusu unaushika shingoni, mkono ukiwa mbali kidogo na paja, na hauumizi. Lakini tunahesabiwa mifuko, jamani. Tunaambiwa tubane taka kwa mkono ili uingie uchafu mwingi zaidi. Ubahili wa mfuko mmoja wa plastiki!

Mashine ya kuvuta vumbi sina maneno mengi: tembea nayo. Usisimame sehemu moja ukirusha mkono mbele. Bomba likiwa fupi, lirefushe, zile pete zimewekwa kwa ajili hiyo na nusu ya watu hawajawahi kuzigusa.

Mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani liliingiza mazingira salama na yenye afya kazini kwenye haki za msingi za mfanyakazi. Nilifurahi kuisikia. Ila haki hiyo ikifika kwenye stoo yetu inatakiwa iwe na umbo la mpini unaorefuka, kichwa cha dekio cha maikrofaiba kisichobeba lita nzima ya maji, na ratiba iliyopangwa na mtu aliyewahi kushika brashi. Mafunzo ya kunyanyua mizigo tuliyopewa yalichukua asubuhi nzima. Mipini tuliyoomba hatujaiona bado.

Kuna sehemu moja sijaipatia ufumbuzi: ule ukanda wa ukuta nyuma ya choo, pale bomba linapoingilia. Hakuna mpini unaofika. Ninachofanya ni kupiga goti moja juu ya kipande cha godoro nilichokata mwenyewe, mkono wa pili nimeegemea ukuta, na choo kinachofuata napiga goti lingine. Binti naye alinitazama mara mbili, ya tatu akaniomba nimkatie chake.