Mkeka wa renji unakudanganya kuhusu aironi zako

Naomba niseme kitu ambacho najua kuna watu watanikasirikia, hasa wale wa kumaliza ndoo mbili za mipira kila jioni pale renji, uwanja wa kufanyia mazoezi ya gofu. Kama unapigia kwenye mkeka wa nyasi bandia tu, hujui aironi zako, zile fimbo za kichwa cha chuma, zinagusa mpira vipi. Hujui kabisa. Fimbo ikitua inchi mbili nyuma ya mpira mkeka hauizuii, inaserereka tu mpaka inaufikia, mlio unatoka mzuri, mpira unapaa, unarudi home umeridhika. Jumamosi uwanjani swingi ileile, yaani mzungusho uleule wa fimbo, inazama kwenye udongo, mpira unaenda nusu ya safari, na hapo mtu anaanza kuulizia bei ya seti mpya!

Ugonjwa wenyewe ni kutaka kuunyanyua mpira. Jamani, uso wa aironi namba 7 umeshalazwa digrii 30 hivi, kazi ya kuupandisha mpira ni ya huo uso, sio ya mikono yako. Ukitaka kuuchota, uzito unabaki mguu wa nyuma, fimbo inafika chini mapema, ndo unachimba nyuma ama unaugonga mpira kichwani unatambaa chini. Maprofeshno wa PGA Tour, ile ligi kubwa ya gofu ya Marekani, wakipimwa na TrackMan, rada ya kupimia mapigo, aironi 7 yao inaushukia mpira kwa wastani wa digrii 4 hivi. INASHUKA. Mpira kwanza, udongo baadaye, ndo maana divoti zao, yaani vipande vya nyasi wanavyokata, zinaanzia pale mpira ulipokuwa na kwenda mbele.

Na sisi wa Nairobi tuna jambo letu, nyasi za kikuyu. Ni nyasi za nyanda za juu za huku kwetu kabisa, ziko mpaka uwanja wa gofu wa Riviera kule Los Angeles. Majani yake ni manene, mpira unakaa juu juu kama umewekewa tii, kile kijiti cha kuuinua, kwa hiyo kwenye feawei nzuri, ile njia ya nyasi fupi, hata mchotaji anapata shoti na anajiona yuko sawa. Lakini fimbo ikiingia nyuma ya mpira nyasi hizohizo zinaing'ang'ania, spidi inaisha palepale. Halafu kiangazi kikija, mpira umelala kwenye udongo mtupu, hapo hakuna wa kukuficha.

Dawa ninayoiamini haina gharama. Chora mstari wa chokaa kwenye nyasi, ile ya kuchorea viwanja vya mpira, simama mstari uwe katikati ya miguu, piga bila mpira, kisha uangalie umekata wapi. Sogea kidogo, rudia. Ukiona unakata nyuma ya mstari usikimbilie kubadilisha grip, yaani unavyoshika fimbo, anza na uzito: uegemeze kidogo mguu wa mbele tangu unasimama, kifua kiendelee kugeuka, mikono ipite mstari kabla ya kichwa cha fimbo. Ukishaanza kukata kwenye mstari na kwenda mbele mara nyingi mfululizo, ndo uweke mpira.

Waangalie makedi wetu, wale wanaotubebea fimbo, wanavyopiga. Maprofeshno wengi wa Kenya na Tanzania wametokea huko, wamejifunzia chini kwenye ardhi na fimbo za kuazima, na mguso wao ni msafi ajabu.

Kwa hiyo ombi langu kwa klabu ni moja, tutengeeni kipande cha nyasi cha kufanyia mazoezi, hata kama ni kidogo, hata kama kitahamishwa kila wiki ili nyasi zipumzike. Mchanga wa kujazia divoti tutamwaga wenyewe.