Huku Mtu Analipa Apimwe, Kwetu Tunalipa Tusipimwe

Juzi, nikiwa huku Marekani, nilituma kwenye kundi la familia picha ya karatasi iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva wa pikapu niliyokuwa nimeipenda. Ford F-150, petroli, lita 3.5 yenye turbo mbili, safi, haina hata mkwaruzo. Karatasi inasema watu na mizigo kwa pamoja wasizidi pauni 1,630, yaani kama kilo 740. Chini yake nikaandika: "Hii haitatufaa." Haikupita muda mjomba akajibu kwa sauti kutoka Ilula kule Iringa, anacheka mpaka anakohoa. "Yaani gari la bei ya nyumba linashindwa kilo mia saba? Hilux ya hapa jirani inabeba tenga za nyanya mara mbili ya hapo, na utingo kakaa juu!"

Nikacheka na mimi. Halafu nikakasirika, na hasira haijaisha, ndiyo naileta hapa.

Mjomba hajasema uongo. Hilux inabeba. Land Cruiser yake mwenyewe, ile pikapu yenye injini ya dizeli ya 1HZ, inavuta tela lililochomelewa mjini Iringa kwa ekseli ya Land Rover iliyokufa zamani, na sijawahi kumsikia akitaja kilo. Kwetu mzigo unapimwa kwa macho. Springi zikilala, fundi anaongeza majani mawili. Zikilala tena, anaongeza tena. Gari likigoma kabisa ndipo tunajua limezidiwa.

Sasa nisikilizeni kabla hamjaanza.

Mimi na wenzangu watatu tunachimba mitaro na kusawazisha viwanja. Tunaishi Denver, lakini kazi zinazolipa ziko ng'ambo ya milima, pande za Silverthorne. Eskaveta yetu ndogo ina kilo 3,500, tela lake kilo 1,200. Jumla 4,700. Kijitabu cha muuzaji kinasema F-150 ya injini ile inavuta zaidi ya tani tano, kwa hiyo mtu unasaini na kuondoka. Ngoja kwanza. Tela lililopangwa vizuri linalaza asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake kwenye kishikio cha nyuma ya gari. Chukua 12: kilo 560 na kitu, na hizo zote zinahesabika kuwa mzigo wa gari, sawasawa na kama umezitupa kwenye bodi. Ongeza wanaume wanne wanaokula ugali vizuri, kilo 340. Tumeshafika 900 kabla ya kupakia hata sululu moja. Karatasi ilisema 740.

Ukiwa mjanja utasema basi isogeze eskaveta nyuma kidogo, kishikio kipumue. Fanya hivyo, halafu ushike mwendo wa kilomita 90 kwa saa na upepo wa pembeni, uone tela linavyoanza kuchapa kushoto na kulia na kuyumbisha mkia wa gari pamoja nalo. Nguvu ya injini haina msaada wowote hapo. Tela jepesi mbele linaamua lenyewe.

Hii ndiyo tofauti iliyonikaa kichwani, na wala sizungumzii barabara nzuri na umeme usiokatika, hayo kila mtu kashaandika. Huku pikapu kama yangu ni nadra kusimamishwa ipimwe. Hakuna trafiki kichakani. Lakini kwenye vituo vikubwa vya malori kuna mizani ya kulipia, unapanda na tela lako, unalipa dola kumi na kitu kutoka mfukoni mwako, unapewa tiketi inayoonyesha ekseli ya mbele ina ngapi, ya nyuma ngapi, tela ngapi. Nimemkuta mzee mstaafu mwenye nyumba ya kuvuta, anaenda zake kuvua samaki, amepanga foleni nyuma ya malori apimwe. Akakuta amezidi kidogo. Akamwaga maji ya tangi pembeni, akalipa tena, akapimwa tena! Hakuna aliyemlazimisha.

Kwetu mizani ni adui. Kisheria gari la kuanzia tani tatu na nusu linapaswa kuingia, na wote tunajua dereva akikaribia anafikiria nini, na tajiri wake anampigia simu kuuliza nini. Siandiki zaidi. Pikapu za nyanya, zilizo chini ya hapo, zinapita bila mtu kuzitazama, kisha zinaanza kushuka mlima wa Kitonga.

Nasikia tayari: "Huyo kafika Marekani, kasahau alikotoka." "Anajifanya mzungu wa mizani." Ndugu yangu, mimi nimekulia juu ya magunia ya viazi vya lumbesa. Najua harufu ya breki Kitonga, ile inayoingia hata kama vioo vimefungwa, na najua utingo anavyokaa na jiwe miguuni tayari kuruka alitie chini ya tairi. Sijasoma hayo popote. Na nitasema bila aibu kwamba dereva wa Ilula aliyeshusha tani nne kwa gia ya pili, kwenye kona zile, akiwa na gari lililotengenezewa tani moja, ana mikono ambayo madereva wengi wa hapa hawana. Umahiri huo ni wetu. Kinachoniuma ni kwamba tunautumia kulipia upungufu wa namba iliyoandikwa mlangoni, halafu siku mikono ikishindwa tunasema ni mapenzi ya Mungu.

Huku nako wana Kitonga yao. Ukitoka Denver kwenda magharibi unapanda mpaka handaki la Eisenhower, lililofunguliwa mwaka 1973, karibu mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, kisha unamwagika kuelekea Silverthorne kwa mteremko wa asilimia 7. Pembeni wamechonga njia za changarawe za kupokea lori lililofeli breki. Hapo juu hewa ni nyembamba, na injini ya petroli isiyo na turbo inapoteza karibu theluthi ya nguvu zake. Yenye turbo inavumilia. Wala shida kubwa si kupanda. Watengenezaji wa hapa wana kipimo chao cha kuvuta, kinachoitwa J2807, ambapo gari na tela vinapandishwa mlima wa Davis Dam kule Arizona, zaidi ya kilomita 18, kwenye joto kali na kiyoyozi kikiwa kimewashwa, bila kushuka chini ya mwendo uliowekwa. Siku moja natamani mtu awaletee Kitonga, kupanda na kushuka.

Maana dizeli kubwa inalipa wakati wa kushuka. Ina breki ya ekzosti: unabonyeza kitufe, injini yenyewe inashikilia mzigo, mguu wako umepumzika, breki zinabaki baridi kwa ajili ya kona ya mwisho. F-150 itashuka pia, lakini kwa kubadili gia na kukanyaga. Tofauti nyingine ni msokoto, ile nguvu ya injini ya kuzungusha magurudumu, inayopimwa kwa Nm. Ile Ford ina kama Nm 680. Cummins ya lita 6.7, dizeli inayofungwa kwenye pikapu za Ram, ile yenye nguvu zaidi, inafika Nm 1,450 na ushee. 1HZ ya mjomba ina 285, na bado inavuta. Mjomba akisoma hapa atatamba wiki nzima.

Basi ni dizeli tu? Hapana, na hapa naanza ugomvi na Wamarekani wenyewe. Nilikwenda kutazama Ram 2500 ya dizeli, lile dude ambalo kwenye maegesho linakufanya ujione mtoto. Nikafungua mlango, nikainama kusoma. Karatasi ilisema kama kilo 930. Mia tisa thelathini! Gari nyingi za daraja lile zimewekewa kikomo cha uzito wote, gari pamoja na mzigo, cha pauni 10,000, na injini ya dizeli ni nzito kuliko ya petroli kwa mamia ya pauni, kwa hiyo inakula nafasi ya mzigo wake yenyewe. Ndugu yake wa daraja lilelile mwenye petroli anabeba zaidi. F-250 ya petroli ya lita 7.3 niliyoikuta siku hiyohiyo ilikuwa na karibu kilo 1,400, kwa bei pungufu ya maelfu ya dola. Lakini jirani yangu ana dizeli iliyoinuliwa, matairi ya trekta, bodi haijawahi kuona hata gunia la mbolea, na anaiendesha kwenda kununua maziwa. Chujio la moshi linaziba kwa safari fupi kama hizo, anahangaika na taa za dashibodi, anajaza urea ya kusafisha moshi, majira ya baridi anailaza imechomekwa kwenye umeme ipate joto, kama simu. Tusidanganyane, mbwembwe hazina pasipoti.

Sisi tumechukua Ram 3500 ya dizeli iliyotumika, matairi mawili tu nyuma. Inabeba hesabu yetu na inabakisha nafasi. Tunavuka mlima ule kila wiki. Asiyevuka mlima na mzigo wetu aiache, atanunua mafuta ya gharama na vichujio bure. Shemeji wa Dallas aliyeniuliza kuhusu tela la gari moja: F-150 inakutosha kabisa shemeji, kule ni tambarare, usiongopewe na wenye matairi makubwa.

Na mjomba, shikamoo. Umesema nikutumie "dizeli moja ya Kimarekani". Nakataa, na si kwa dharau. Mashine hizi zimezoea dizeli yenye salfa sehemu 15 kwa milioni, wakati kiwango cha Afrika Mashariki ni 50. Urea ikiisha Ilula utaipata wapi? Kompyuta ikigoma, itasikiliza nyundo ya fundi wako? Land Cruiser iache ilivyo. Tela lako ndilo halina breki hata moja, na usiniambie halijawahi kukusukuma. Nimepata ekseli mbili zenye breki za umeme na kile kiboksi cha kuziongoza kinachofungwa chini ya dashibodi. Huku tela la tani moja na nusu bila breki haliruhusiwi barabarani. Zinaingia kwenye kontena la mwezi ujao pamoja na magodoro ya shangazi. Nitumie tu upana wa tela, kutoka kati ya tairi hadi kati ya tairi, na tafadhali pima kwa futi, usipime kwa macho.