Nani kawapa wanaume hati miliki ya pweza?

Jumamosi soko la Lices hapa Rennes, Ufaransa, hujaa wauza chaza waliotoka Cancale, mji wa pwani, na magari yao tangu alfajiri. Juzi mbele yangu kwenye foleni alikuwepo bibi mmoja, mgongo umepinda, anaburuta kikapu cha magurudumu. Akaagiza dazeni ya namba 3, ile saizi ya kati ambayo wengi huinunua, akala palepale amesimama, limau mkono mmoja, kigilasi cha divai nyeupe pembeni. Saa tano asubuhi! Muuzaji hakumwuliza lolote zaidi ya kama anataka limau lingine.

Nikaona wivu. Si wivu wa chaza, jamani. Chaza mbichi kwa ulimi wangu wa Tanga ni funda la maji ya bahari lililoganda. Supu yetu ya pweza, yenye ndimu na pilipili ya kuziba masikio, inamshinda mara kumi, na hilo nitalisema hata mbele ya Mfaransa. Nilichoonea wivu ni kuachwa ule kwa amani.

Maana msidhani chaza huku hana maneno. Sifa yake ni ileile tuliyompa pweza: kuongeza nguvu za kiume. Casanova, yule Mtaliano wa Venice wa karne ya 18 aliyejulikana kwa wanawake, husimuliwa kuwa alikuwa akifungua siku kwa chaza 50. Siku ya wapendanao migahawa inawapanga chaza juu ya barafu na mishumaa, na kazini kwetu wanaume wanakonyezana kama kawaida ya wanaume. Lakini maneno yao yanabaki kwenye utani wao. Krismasi chaza wanaliwa mezani na babu, mama mkwe na wajukuu, na hakuna anayemkodolea mtu macho kukisia usiku wake utakuwaje.

Sasa wewe mwanamke jaribu kusimama kwenye meza ya pweza saa moja jioni. Unaijua ile meza: sinia la vipande vyekundu, vijiti vya meno, chupa ya pilipili iliyotobolewa kifuniko, sufuria linafuka mvuke. Hujafungua mdomo, muuzaji kashaanza: "Dada, unampelekea shemeji? Mwambie leo asiseme kachoka!" Wanaume waliozunguka wanachekea ndani ya vikombe. Ukisema unakunywa mwenyewe ndiyo umeharibu kabisa, sasa wanakupima kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili. Mimi nilikuwa namtuma mdogo wangu wa kiume na chupa ya chai. Mtoto wa darasa la tano alikuwa na heshima pale kuliko mimi.

Na kinachoniudhi zaidi, huyo pweza kamtoa nani baharini? Siku za bamvua, maji yakikupwa mbali, nenda Pemba, nenda Unguja, nenda vijiji vya kwetu Tanga uone nani yuko mwambani. Ni akina mama, kanga zimefungwa kiunoni, mchokoo, kile kijiti cha kumchokolea pweza, mkononi, wanainama tundu baada ya tundu mpaka maji yarudi. Mtu kakatwa miguu na miamba tangu asubuhi, halafu jioni kitoweo alichokitafuta kinaitwa dawa ya wanaume!

Najua mtakachoandika. "Huyu kafika Ulaya kala chaza, sasa anatuona washamba." Wandugu, chaza tunao tele, kwenye mawe na kwenye mizizi ya mikoko, na Dar kuna mtaa mzima wa wenye nazo unaitwa Oysterbay, yaani ghuba ya chaza. Sikuhitaji viza kumjua chaza. Wala sisemi huku ni peponi. Jirani yangu wa ghorofa moja hajanisalimia tangu nihamie, na ningeugua leo nyumbani uji ungekuwa umeshaletwa na watu watatu.

Mwingine atasema: "Utani ndiyo pwani, umesahau kwenu?" Sijasahau. Ila utani una kwenda na kurudi. Siku niliyomjibu muuzaji kwamba kama supu yake inafanya kazi mbona mkewe analalamika, nikaambiwa sina haya.

Halafu yuko yule mtaalamu: "Dada, inajulikana." Inajulikana na nani? Chaza ana madini ya zinki mengi kuliko karibu chakula kingine chochote, na ni kweli mwili wa mwanaume unayahitaji kutengeneza homoni na mbegu. Aliyepungukiwa yatamsaidia. Ambaye anayo ya kutosha hageuki fahali kwa kuongeza. Mama mjamzito naye anayahitaji, mbona yeye hamumkaribishi mezani? Marekani, mamlaka ya chakula na dawa ilishapiga marufuku mwaka 1989 dawa zinazouzwa bila cheti cha daktari kwa madai ya kuamsha ashiki, kwa sababu hakuna hata moja iliyothibitika. Na huyo chaza mwenyewe mnayemtegemea, wengi huanza maisha wakiwa madume, baadaye wanageuka majike, na wapo wanaorudi tena udume. Kwa hiyo Casanova na hamsini zake, sijui alikuwa anameza uanaume wa nani.

Muuza supu ataniambia biashara yake ndivyo inavyotangazwa, wateja wake ni wanaume. Kaka yangu, ni wanaume kwa sababu wengine umewafukuza kwa mdomo. Ijumaa jioni tazama wanaopita mbele ya sinia lako: manesi wanaotoka zamu, walimu, mabinti wa chuo, mama lishe aliyepikia watu kutwa na yeye hajala. Wote wana njaa na buku mkononi. Kamua ndimu, mimina, pokea hela, nyamaza.